Kuchanja kuni kwa kabari ya chuma: mwongozo kamili kutoka parsele (kiwanja) ya mawe ya lava, Goma

Mama yangu huuza maharage na sombe (majani ya muhogo) kando ya barabara hapa mtaa wa Majengo, na sufuria zake mbili kubwa huwa motoni tangu alfajiri. Makala, yaani mkaa, yanafaa kwa chai na kwa kuunga mboga, lakini maharage ya watu hamsini hula gunia haraka mno, na faida huishia kwenye babula (jiko la mkaa). Ndiyo maana kwetu hupikwa kwa kuni. Huletwa kwa chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) au kwa lori, magogo mazima ya mkaratusi yenye maganda yake, mengine mapana kuliko sinia. Kuyafikisha jikoni yakiwa vipande vya unene wa mkono ni kazi yangu tangu nikiwa na miaka 15.

Miaka ya mwanzo nilitumia shoka peke yake. Shoka ni zuri kwa gogo jembamba lililonyooka. Likikutana na gogo la sentimita 40 lenye fundo ubavuni, hukwama, na unabaki kulitikisa mpaka mabega yaume. Kabari na nyundo hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kabari hubaki pale ulipoiweka, na kila pigo linaanzia pale lile la kwanza lilipoishia, kwa hiyo hakuna nguvu inayopotea kwa kukosa shabaha. Tena kabari haikati. Inasukuma pande mbili ziachane, na mti wenyewe ndio unaoamua utapasukia wapi. Kinachobaki kwako ni kujua mti unataka kupasukia wapi kabla hujainua nyundo. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanarudi kwenye jambo hilo.

Vifaa

Nunua kabari mbili, si moja. Mwenye kabari moja siku ikimezwa na gogo hana cha kuitolea. Ya kilo 2 hivi, urefu wa sentimita 20 hadi 25, inatosha kwa magogo tunayoletewa hapa. Zinapatikana kwenye kenkayeri (maduka ya vyuma) za mtaa wa Birere, na wapo wahunzi wanaozifua kutoka vyuma vizito vya malori makuukuu. Ukienda kununua, chukua tupa mfukoni. Sugua kichwa cha kabari, pale nyundo itakapopiga. Tupa ikiuma na kutoa unga wa chuma, kichwa ni laini kiasi kinachotakiwa: kitabonyea taratibu kikigongwa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, hicho kichwa kimepewa ugumu kupita kiasi, na siku moja kitavunjika vipande vitakavyoruka. Kirudishe hata kama bei ni nzuri. Angalia pia mbavu za kabari: ziwe zimenyooka kutoka makali hadi kichwa. Kabari fupi iliyotuna tumbo hurukaruka, haiingii.

Nyundo iwe ya kilo 3 au 4, mpini wa sentimita 80 hadi 90. Vijana wengi hukimbilia ile ya kilo 6 wakidhani itamaliza kazi upesi. Kwa mapigo kumi, ndiyo. Kwa asubuhi nzima, mikono inachoka, shabaha inapotea, na pigo lililokosa kabari ndilo linalovunja mpini au kumfikia mtu mguuni.

Usigonge kabari kwa kisogo cha shoka. Nimeona mashoka mengi mazuri yakiharibika hivyo: tundu la mpini hupanuka, kichwa hulegea, halafu siku moja hutoka chenyewe hewani. Shoka dogo liweke karibu kwa kazi yake, yaani kuchonga alama ya mwanzo na kukata nyuzi zinazong'ang'ania.

Chonga pia kabari mbili au tatu za mti. Kipande kikavu cha akasia au cha mkaratusi, urefu wa sentimita 25, upande mmoja umechongwa kama ulimi. Hazigharimu chochote, na zitakuokoa mara nyingi kuliko unavyofikiri.

Kuhusu mwili: buti ngumu, kamwe si kandambili. Miwani ya kinga kila mara nyundo inapoinuliwa, hata kwa kipande kimoja tu kabla ya kwenda kanisani. Glavu navaa mkono wa kushoto peke yake, ule unaoshika kabari inapoanzishwa. Mkono wa kulia naacha wazi kwa sababu unapaswa kuteleza juu ya mpini.

Kwa nini nasisitiza miwani? Nilikuwa na kabari ambayo kichwa chake kilikuwa kimechanua kama uyoga, kingo zimejikunja nje baada ya miaka ya kugongwa. Niliiona hivyo kila siku na sikuijali. Asubuhi moja kingo mojawapo ilikatika kwa pigo la kawaida tu, ikanichoma mkononi juu kidogo ya kiwiko. Kipande kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, na daktari alilazimika kupasua ngozi ili akitoe. Kingepanda sentimita 40 zaidi, ningekuwa naandika haya kwa jicho moja. Tangu siku hiyo nakagua vichwa vya kabari kabla ya kuanza. Uyoga ukianza kuchomoza, nauondoa kwa tupa au naupeleka kwa fundi wa kuchomelea ausage kwa mashine, mpaka kingo ziwe zimeteremka kidogo kuelekea ndani.

Mahali pa kuchanjia

Hapa Goma jambo hili lina uzito wake. Sehemu kubwa ya mtaa wetu imekaa juu ya lava iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002, na aliyejenga juu yake anajua ilivyo: nyeusi, yenye matundu, inakata kama kioo, na hakuna mahali pa bapa pa kuweka hata ndoo. Gogo likiwekwa juu ya lava tupu linayumba. Gogo linaloyumba linakula nguvu ya nyundo, na kabari ikipenya hadi chini makali yake yanagonga jiwe na kumeguka.

Fanya hivi. Chagua sehemu ya mita 2 kwa 2. Vunja ncha zinazochomoza, kisha mwaga changarawe nyeusi ya volkano na udongo juu yake, unene wa sentimita 10, ushindilie kwa miguu na maji. Juu yake weka kigogo cha kuchanjia. Kizuri kuliko vyote ni kile chenye mafundo mengi au panda ya matawi, ambacho hukuweza kukipasua. Kwa kazi ya kabari kiwe kifupi, sentimita 20 hadi 25 tu. Kabari yenyewe inaongeza urefu juu ya gogo, na nyundo inapiga vizuri zaidi inapokutana na kabari kati ya goti na kiuno. Kigogo kirefu kinakulazimisha kupiga ukiwa na mikono juu, na hapo nguvu yote inakatika.

Tafuta tairi kuukuu la gari dogo, ulilaze juu ya kigogo, uchomeke gogo ndani yake. Vipande vikipasuka havirukii miguuni wala kuangukia kwenye mawe, na huinami kuviokota kila mara. Sijui kifaa kingine cha bure kinachopunguza uchovu kama hiki.

Usichanje kuni shimoni. Wanaokaa upande wa magharibi wa mji na karibu na ziwa wanalifahamu neno mazuku: hewa mbaya, kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujaa mabondeni na kwenye mashimo ya lava, hasa asubuhi tulivu isiyo na upepo. Haionekani. Mtu anayechanja kuni anahema kwa nguvu na anainama mara kwa mara, yaani anafanya yale yale yanayomweka hatarini. Ukikuta ndege au mijusi waliokufa kwenye bonde dogo bila sababu, hapo si pa kufanyia kazi, na watoto wasipacheze.

Watoto, mbuzi na wapita njia wakae mita 5 mbali nawe. Kama parsele ni finyu, subiri wapite.

Kulisoma gogo

Kwanza jua ni mti gani. Mkaratusi ndio mwingi hapa, na kanuni yake ni moja: uuchanje ungali mbichi. Siku za mwanzo baada ya kukatwa nyuzi zake huachana kwa mlio mzuri. Ukiuacha miezi mitatu juani ukiwa gogo zima, unakauka kwa nje, unakuwa kama pembe, na ile mikaratusi ambayo nyuzi zake zimejisokota hapo hukataa kabisa. Nawashauri majirani wasinunue magogo makavu ya mkaratusi kwa kuwa tu ni makavu. Bora mabichi unayoyachanja wiki hiyo hiyo, yakaukie yakiwa vipande. Grevilea hupasuka bila ugomvi, mbichi au kavu. Akasia nyeusi ni nzito na ina moto mkali, nayo hutii kabari vizuri. Misipresi inadanganya: laini kwa kuitazama, lakini ina mafundo kila baada ya shubiri.

Kata magogo yawe na urefu wa sentimita 35 hadi 40. Kila sentimita unayoongeza ni nyuzi zaidi za kutenganisha, na jiko la mama halihitaji kipande kirefu zaidi ya hapo.

Sasa lisimamishe gogo ulitazame. Tazama maganda ubavuni: mistari ikishuka wima, nyuzi za ndani zimenyooka. Ikizunguka kama kamba iliyosokotwa, jiandae kwa kazi na upange kutoa vipande vyembamba kutoka pembeni. Tazama uso wa juu: kuna nyufa ndogo zinazotoka kwenye kiini kwenda nje? Mti umekwisha kukuonyesha njia. Weka kabari juu ya ufa mmoja uliopo, hata kama si katikati barabara. Watu hupoteza nguvu nyingi kwa kutaka gogo ligawanyike nusu kwa nusu wakati ufa uko kando kidogo.

Tafuta mafundo. Fundo ni mzizi wa tawi uliofungiwa ndani ya shina, nyuzi zake zimekatisha zile za gogo. Usilenge kupita katikati yake. Geuza gogo ili fundo liwe karibu na chini, uanzie kwenye ncha iliyo safi. Ufa ukifika kwenye fundo ukiwa umepata kasi na upana, mara nyingi hulizunguka. Ukianzia upande wa fundo, kabari inakwama kabla haijaanza.

Kupiga

Chonga alama kwa shoka dogo, kina cha sentimita moja, kufuata ufa uliouchagua. Kwenye mkaratusi mbichi usiruke hatua hii, kwa sababu utomvu wake unatelezesha na kabari huruka nje kama samaki. Ikiendelea kuruka, ipanguse na uipake mchanga mkavu au majivu kwenye mbavu, itashika.

Simamisha kabari kwenye alama, ishike kwa mkono wenye glavu chini ya kichwa, na uigonge kwa nyundo iliyoshikwa karibu na chuma chake, mapigo madogo matatu au manne. Iache. Ikisimama yenyewe bila kuinama, imeingia vya kutosha. Ikiinama, itoe uanze upya. Kabari iliyoinama hugongwa kwenye kona ya kichwa, na kona ndiyo inayomeguka.

Sasa rudi nyuma. Nyosha mikono na uweke nyundo juu ya kabari bila kupiga, kupima umbali: ukiwa umekunja magoti kidogo, uso wa nyundo ulale bapa juu ya kichwa cha kabari. Miguu ipanuke kwa upana wa mabega, yote miwili sambamba. Usitangulize mguu mmoja mbele, maana nyundo ikikosa, ndiko inakokwenda. Inua nyundo kwa mkono wa kushoto ukiwa mwisho wa mpini na wa kulia karibu na chuma. Inapoanza kushuka, mkono wa kulia uteleze kukutana na wa kushoto, na magoti yakunjike kidogo pamoja nayo. Usiisukume. Uzito wa kilo 4 unaotoka juu ya kichwa unatosha. Wewe unaiongoza tu.

Baada ya kila pigo, simama usikilize. Mwanzoni sauti ni nzito, ya kifua. Kabari ikipata njia, sauti inapanda, na katikati ya mapigo unasikia mti ukilia wenyewe, mlio mdogo wa kukatika. Hapo uache mti ufanye kazi. Sekunde kumi za kusubiri hufungua ufa kuliko pigo lingine la haraka, hasa kwenye mbao mbichi. Nilipoelewa hili, idadi ya mapigo yangu ilipungua karibu nusu.

Ufa ukifika ubavuni na ukionekana kwa nje, chukua kabari ya pili uiingize humo ubavuni au kwenye ncha ya ufa juu. Ya kwanza italegea yenyewe. Mara nyingi pande mbili zitakuwa zimeachana ila nyuzi chache zinazoshikilia kama utambi. Usizipige nyundo. Laza gogo, zikate kwa shoka dogo.

Gogo linalokataa

Gogo pana kuliko sentimita 45 usilianzie katikati. Anza pembeni, sentimita 8 kutoka kwenye ganda, uvue ubao mmoja, ugeuze kidogo, uvue mwingine, kama unavyomenya tunda kisu kikizunguka. Nyuzi za nje zina wepesi wa kuachana kuliko zile za kiini, na likibaki jembamba kiini hakina nguvu tena.

Panda, yaani sehemu mti ulipogawanyika matawi mawili, lisimamishe kichwa chini: matawi yaelekee ardhini, kitako juu. Weka kabari kwenye mstari unaopita katikati ya matawi yote mawili, ili kila nusu iondoke na tawi lake limepasuliwa kati. Ukijaribu kuingilia pale matawi yanapokutana, utatoka jasho bure. Na kama baada ya kabari mbili bado linakataa, lifanye kigogo cha kuchanjia. Sioni haya kuacha gogo.

Kabari ikimezwa na gogo zima lisifunguke, usiigonge ubavuni ili itoke. Ndiyo njia ya haraka ya kuifanya iruke. Ingiza kabari ya pili kwenye mstari ule ule, umbali wa sentimita 8 hadi 10. Ikiwa chuma chote kimezama, chomeka kabari za mti kwenye ufa pande zote mbili, uzigonge kwa zamu. Zitaushikilia ufa wazi, na ile ya chuma itatoka kwa mkono. Njia ya tatu ni kugeuza gogo chini juu na kuanzia ncha ya pili, ukifuata ufa kama umefika huko.

Kwa gogo refu la mita mbili, lililoletwa kwa ajili ya nguzo, lilaze na ulizuie kwa mawe pande zote. Anza kwenye ncha, ufa ukifunguka fuata mgongo wa gogo: kabari ya pili mbele ya ya kwanza, ya kwanza ikilegea inaruka mbele ya ya pili, na kuendelea hadi mwisho.

Baada ya kazi

Makali ya kabari hayahitaji kunyoa ndevu. Yasawazishe kwa tupa yasiwe na pengo, basi. Mpini uliolegea usiuloweke majini kama wengi wanavyofanya jioni ili asubuhi ukaze. Unavimba, unakaza siku moja, kisha unasinyaa zaidi ya mwanzo. Gonga kikabari kipya kichwani mwake, au badilisha mpini.

Kisha kuna kukausha, na hapa ndipo kazi yote ya nyundo inalipa au inapotea. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Maji hayo yote lazima yageuke mvuke kabla joto halijafika kwenye sufuria, na kinachotoka badala yake ni moshi unaoingia machoni na kifuani mwa mama na mtoto aliyembeba mgongoni. Ganda ndilo linalozuia maji kutoka. Ndiyo sababu gogo zima hukaa na unyevu mwaka mzima, wakati kipande kilichochanjwa kwa unene wa mkono hukauka kwa miezi 2 hadi 3 kikipata upepo. Sisi tunajaza rundo mwanzoni mwa Juni, kiangazi kinapoingia, ili kufikia mvua za Septemba tuwe na kuni zinazowaka.

Panga mawe ya lava safu mbili (hayo hapa hayanunuliwi), weka vipande juu yake ili visiguse ardhi, upande wenye ganda uwe juu kwenye safu ya mwisho. Funika juu tu kwa bati au hema kuukuu. Ubavuni acha wazi. Nimeona watu wakifunga rundo lote kwa plastiki kwa kuogopa mvua, na baada ya mwezi wakikuta ukungu mweupe. Rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1, steri moja, hulitenga na ukuta wa mbao kwa mita nzima, kwa sababu ya mchwa na kwa sababu ya moto.

Ili kujua kama zimekauka, chagua kipande kimoja, kiandikie alama ya makala, ukipime kwenye mizani ya sokoni kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili za jua, rundo liko tayari. Mama hana haja na mizani. Huchukua vipande viwili, huvigonganisha karibu na sikio. Vikitoa sauti ya "ko" kavu, huvipeleka jikoni. Vikijibu kwa sauti iliyoziba, huvirudisha kwenye rundo na kuchukua vingine kutoka safu ya nyuma.